Picha Zilizobeba Mzigo

Mapema mwaka huu, kampuni moja ya uwakala wa forodha jijini Dar es Salaam iliwatangazia wafanyakazi wake kwamba ni marufuku kutia picha ya aina yoyote ndani ya barua pepe za kazi. Sababu ilijulikana ofisi nzima. Mhasibu alikuwa amepokea barua yenye nembo ya benki, rangi za benki na saini maridadi ya meneja, ikimwelekeza ahamishie malipo ya mteja kwenye akaunti mpya. Nembo ilikuwa halisi kabisa, kwa kuwa ilinakiliwa kutoka tovuti ya benki yenyewe. Benki haikuwa na habari. Fedha ziliokolewa na karani wa dirishani aliyepata wasiwasi na kupiga simu kuuliza.

Mwandishi wa makala haya, aliyefanya kazi ya kugomboa mizigo tangu enzi za faksi, aliombwa maoni kuhusu marufuku hiyo. Walitaka ukurasa mmoja. Alipoketi kuuandika, yakamjia mambo ya zaidi ya miaka ishirini: maghala, vyumba vya intaneti, milango ya makontena na watu waliompigia simu wakifoka. Ukurasa mmoja haukutosha.

Mwaka 2003, ofisi aliyoanzia kazi ilikuwa na kompyuta moja tu yenye intaneti, tena ya waya wa simu. Barua zikiwa zinakwenda, wateja wanaopiga hawapati laini. Mwaka huo lilifunguliwa kontena Kurasini ili mzigo uhamishiwe kwenye lori la kwenda Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa. Ndani mlikuwa na vigae vya sakafu, na yapata robo ya maboksi yalikuwa vipande vitupu. Mwenye mali, aliyekuwa hukohuko Lubumbashi, alisema ambalo mwenye mali yeyote angesema: nionyesheni.

Kumwonyesha ilikuwa shughuli. Kamera ilikuwa ya filamu. Filamu ikapelekwa studio Kariakoo kusafishwa, picha tatu zilizotoka vizuri zikapelekwa chumba cha intaneti cha Posta kuskaniwa, zikarudi ofisini ndani ya disketi mbili kwa sababu moja haikutosha. Jumla yake ilikuwa megabaiti 1.6. Mteja alitumia Hotmail ya bure, ambayo wakati huo ilimpa mtu nafasi ya megabaiti 2 kwa barua zake zote. Mkuu wa ofisi akapiga hesabu kichwani: 1.6 ni chini ya 2, tuma. Barua ikarudi na ujumbe kwamba haikuweza kupokelewa.

Hesabu ilikuwa sahihi, ila barua pepe haikuumbwa kubeba picha. Kanuni iliyoandikwa na Jon Postel mwaka 1982, ambayo ndiyo msingi wa usafirishaji wa barua hizi hadi leo, ilitarajia herufi za kawaida za Kiingereza basi. Mwaka 1992 ndipo Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa utaratibu uitwao MIME, unaogeuza picha, sauti au faili lolote kuwa mlolongo wa herufi, lisafiri kama maandishi, kisha likusanywe upya likifika. Machi 11 mwaka huo Borenstein alituma kiambatisho cha kwanza cha namna hiyo: picha ya kundi lake la waimbaji wanne, pamoja na sauti yao wakiimba. Ujanja huu una gharama. Kila baiti tatu za picha hugeuka herufi nne, kwa hiyo mzigo hunenepa kwa theluthi na ushee. Zile megabaiti 1.6 za vigae zilikuwa zimefika 2.2 kabla hazijatoka Dar es Salaam.

Ikaamuliwa picha zitumwe mojamoja. Mbili zikaingia. Kesho yake simu ikalia kutoka Lubumbashi. "Papa, sanduku yangu imejaa! Watu ya Dubai wananiandikia, barua zao zinarudi!" Mtu aliyekwisha kupoteza robo ya vigae vyake sasa alikuwa anakosa bei za mzigo unaofuata, na aliyemzibia njia ni wakala wake mwenyewe, kwa nia njema.

Kisa hicho kilimkaa mwandishi kichwani kwa sababu kilionyesha nani hasa hulipia picha. Mtumaji hubonyeza mara moja akaendelea na chai yake. Anayelipa ni mpokeaji: kwa nafasi, kwa muda, siku hizi kwa bando. Gmail ilipoanza Aprili 2004 na gigabaiti 1 kwa kila mtu, wengi waliona tatizo limekwisha. Leo Gmail inakubali kutuma viambatisho hadi megabaiti 25, ingawa seva za ofisi nyingi huweka kiwango cha chini ya hapo. Lakini simu za mkononi nazo zimenenepesha picha. Picha moja ya pikseli milioni 12 hufika megabaiti tatu, nne, hata tano. Ukiipunguza upana hadi pikseli 1,200 inashuka mpaka kilobaiti mia chache, na kama ilipigwa kwa karibu, namba iliyochongwa kwenye chuma bado inasomeka. Simu na kompyuta nyingi zina nafasi ya kufanya hivyo. Kinachokosekana ni mtu kumkumbuka dereva aliyeko mpakani Nakonde, mwenye mtandao wa kuvizia.

Miaka mitatu baada ya kisa cha vigae, mwandishi alikutana na mwalimu wake wa picha, ingawa mzee huyo hakuwa mpiga picha. Alikuwa mkaguzi wa bima, mtu wa maneno machache, ambaye kazi yake ilikuwa kuthibitisha mzigo umeharibika wapi na kwa sababu gani. Siku hiyo mzigo ulikuwa karatasi za kuchapia, mali ya kiwanda cha uchapaji cha Bujumbura, na zilikuwa zimelowa. Mwandishi alikuwa tayari ameshapiga picha kwa kamera ya dijiti ya ofisi: maboksi yaliyolegea, maboksi yaliyopasuka, boksi moja limekaribiwa mpaka linajaza kioo chote. Mzee akazitazama zote, akarudisha kamera.

"Kijana, mimi sikuwepo," alisema. "Nifikishe mlangoni kwanza."

Akaeleza upya tangu mwanzo, na alivyoeleza ndivyo mwandishi alivyowafundisha makarani wote waliokuja baadaye. Kwanza kontena zima kutoka mbali, mpaka uwanja ulipo uonekane. Kisha namba yake: herufi nne na tarakimu saba, kwa utaratibu wa kimataifa uitwao ISO 6346. Kisha sili, ile ya chuma yenye namba inayofunga mlango, ikiwa haijakatwa, maana namba yake lazima ilingane na iliyoandikwa kwenye hati ya shehena. Kisha mlango ukiwa umefunguliwa lakini hakuna kilichoguswa. Hapo tu ndipo mtu anaingia ndani.

Ndani alifanya mambo mawili ambayo mwandishi hakuwahi kuyaona. Mzigo ulipokwisha kutolewa, aliingia kwenye kontena tupu, akaagiza milango ifungwe nyuma yake, akasimama gizani. Kama bati lina tundu, mwanga wa jua unaingia kama sindano. Uliingia, juu kwenye kona ya kushoto. Akapiga picha ya giza lile na nukta moja ya mwanga. Baadaye akachukua chupa ndogo yenye dawa ya nitrati ya fedha, akadondosha kwenye boksi lililolowa. Pale tone lilipoangukia pakageuka peupe kama maziwa. Dawa hiyo huikamata chumvi: kama ni maji ya mvua boksi halibadiliki hivyo, kama ni maji ya bahari linabadilika. Akapiga picha nyingine, akiwa ameweka rula pembeni ya doa ili ukubwa wake ujulikane.

Picha zile mbili zilikuwa mbovu kwa macho ya mpiga picha yeyote. Moja nyeusi tii, nyingine rangi ya kahawia yenye doa. Lakini barua pepe iliyozibeba ilimaliza mabishano yaliyokuwa yameanza kunukia: kama karatasi zililowa kwa mvua uwanjani, lawama ni za walioko nchi kavu, kama ni bahari iliyopenya kwenye tundu, ni habari ya mwenye meli na mwenye kontena. Barua yenyewe ilikuwa fupi. Chini ya kila picha mzee aliandika sentensi moja ya kueleza nini kinaonekana, saa ngapi, upande upi. Hakuandika "tazama mwenyewe". Hakuna mahali alipoandika neno "vibaya sana".

Mwandishi alimwuliza kwa nini ajisumbue na sentensi ilhali picha zinajieleza. Mzee akamtajia Kanuni za Hague, zilizotiwa saini Brussels mwaka 1924, ambazo bado zinatawala sehemu kubwa ya usafirishaji wa mizigo baharini. Uharibifu usioonekana kwa nje unapaswa kuarifiwa kwa mwenye meli au wakala wake ndani ya siku tatu, tena kwa maandishi. Usipofanya hivyo, inachukuliwa kwamba ulipokea mzigo mzima, na kazi ya kuthibitisha vinginevyo inakuwa yako. Picha peke yake, hata iwe ya kutisha namna gani, haijasema nani anamdai nani nini.

Yeyote anayetuma picha kazini angefaa kusimama mbele ya mlango ule angalau mara moja. Fundi wa mabomba anayemtumia mwenye nyumba picha ya ukuta uliolowa, muuguzi anayeripoti kitanda kilichovunjika, afisa kilimo anayeuliza hawa ni wadudu gani: wote wana msomaji ambaye hakuwepo. Picha ya karibu peke yake humwacha akijiuliza hapa ni wapi. Picha ya mbali peke yake humwacha akijiuliza atazame nini. Zikifuatana, na maneno yakimshika mkono, anafika.

Kisha ikaja kebo.

Julai 2009 kebo ya intaneti ya SEACOM, inayopita chini ya bahari, ilianza kazi katika pwani ya Afrika Mashariki, mwaka uliofuata ikafuata EASSy, na intaneti iliyokuwa inategemea satelaiti na nyaya za simu ikapanuka. Ofisi za Dar es Salaam zikapata uhuru ambao hazikuwa nao, na kama ilivyo kwa uhuru wowote mpya, zikautumia kwa fujo. Saini za barua zikaota nembo, nembo zikaota alama za vyeti vya ubora, vyeti vikaota mabango ya "Ijumaa Njema" yenye maua ya waridi yanayometameta. Mwandishi aliwahi kupokea barua yenye neno moja la maana, "Sawa", na chini yake nembo na mabango yenye uzito kuliko picha zote za vigae vya Lubumbashi.

Mapambo si dhambi. Ubaya wake ulijitokeza pale mapambo yalipopewa kazi ya barua. Katika ofisi ambayo mwandishi alikuwa amehamia, idara ya masoko ilitengeneza tangazo la ratiba ya sikukuu: siku gani ofisi itafungwa, mwisho wa kupokea nyaraka ni lini, namba ya dharura ni ipi. Lilikuwa tangazo zuri, lenye mnara wa taa na mawimbi. Lote lilikuwa picha moja. Ndani ya barua hapakuwa na sentensi hata moja.

Simu zikaanza. Mteja wa Kigali alikuwa na heshima zake: "Samahani kaka, nimepokea boksi jeupe lenye alama nyekundu. Mlikusudia nini?" Mwingine, wa Mwanza, hakujisumbua na heshima. Kumbe picha haikuwa ndani ya barua bali ilikaa kwenye seva ya ofisi, na barua ilibeba kiungo tu cha kuiita. Tangu toleo la 2003, Outlook huzuia picha za namna hiyo zisifunguke mpaka msomaji aruhusu. Sababu yake ni ya msingi: picha inapoitwa kutoka seva, mwenye seva anajua barua imefunguliwa, saa ngapi na kutoka wapi. Watangazaji hutia picha ya pikseli moja, isiyoonekana kwa jicho, kwa kazi hiyo tu ya upelelezi. Gmail ilikuja na njia yake Desemba 2013, ya kuzipitisha picha kwenye seva za Google kabla ya kumwonyesha msomaji, na Apple nayo, kuanzia Septemba 2021, ikawapa watumiaji wake njia ya kuzipakua picha mapema ili mtumaji asijue barua ilisomwa lini.

Msomaji hana haja ya kuyajua yote hayo. Ila anayeandika barua ya kazi ajue kwamba kuna programu itakayoficha picha yake, na nyingine itakayoonyesha nembo yake nyeusi juu ya mandhari nyeusi, isionekane kabisa. Ile picha inayochezacheza aliyoigharamia, katika matoleo mengi ya Outlook ya kompyuta ya miaka ile, ilisimama kwenye fremu ya kwanza na kuganda hapo. Vichujio vya barua taka navyo huishuku barua yenye picha tupu isiyo na maandishi, kwa sababu katikati ya miaka ya 2000 matapeli walijificha sana humo. Tangazo la mnara wa taa lilitumwa tena jioni ile, safari hii kwa mistari minne ya maandishi. Mteja wa Mwanza alijibu kwa neno moja: "Ahsante."

Kisa kinachofuata ni kifupi, na mwandishi hupenda kukisimulia kuliko vingine.

Kampuni aliyokuwa akiifanyia kazi iliajiri wakili wa nje kwa shauri la mzigo uliopotea. Alikuwa haoni. Alitumia programu iitwayo NVDA, ambayo husoma kwa sauti kilichomo kwenye skrini. Ilianzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, kisha akaungana naye Mwaustralia mwenzake James Teh, wasioona wote wawili, na hutolewa bure. Siku moja aliwaomba makarani wakae kimya, akafungua barua waliyomtumia asubuhi, akaongeza sauti. Mashine ikasoma salamu. Kisha ikasoma: "image001 nukta png." Kisha: "image002 nukta png." Kisha jina la karani. Mwisho wa barua.

"Sasa, wadogo zangu," akasema wakili, "hilo kontena lina nini?"

Hakuwa amekasirika; alionekana kuufurahia ukimya uliofuata. Akawaonyesha kwamba kila picha inaweza kupewa maelezo ya maneno yanayokaa nyuma yake, yasiyoonekana lakini yanayosomwa na programu yake, na kwamba nafasi ya kuyaandika imo katika Outlook, Word na programu nyingine nyingi. Si jambo jipya. Lilikuwemo katika kanuni za kurasa za wavuti tangu mwaka 1995. Alitaka sentensi ya kikazi. "Picha ya kontena" haimsaidii. "Mlango wa kulia, sili imekatwa, namba ya sili haisomeki" inampa hoja ya kwenda nayo mahakamani.

Kitu ambacho makarani hawakukitegemea ni kwamba zoezi lile liliwasaidia wao wenye macho. Ukilazimika kueleza kwa sentensi moja picha inaonyesha nini, unagundua upesi picha ambayo haionyeshi kitu. Nusu ya picha walizokuwa wamezoea kuambatisha ziliangukia hapo. Na yule mteja ambaye programu yake inazuia picha, badala ya boksi jeupe, mara nyingi huyaona maneno hayohayo.

Simu janja zilipoingia mikononi mwa madereva na wapakuzi, picha ikawa rahisi kuliko maandishi, na hapo likazuka tatizo la upande wa pili. Watu wakaacha kuandika. Orodha ya makontena arobaini, iliyochapwa kwa kompyuta, ikapigwa picha ya simu juu ya meza, kivuli cha mkono katikati, ikapitishwa WhatsApp ambako ilibanwa ubora, kisha ikabandikwa kwenye barua pepe. Aliyeipokea akalazimika kuandika upya tarakimu zote kwa mkono. Hapo 3 inageuka 8, 1 inageuka 7, na kontena la mtu linaombewa kibali kwa jina la kontena la mwingine.

Kinachookoa mara nyingi ni tarakimu ya mwisho ya namba ya kontena. Haikuwekwa hapo kwa bahati. Hupatikana kwa kukokotoa zile herufi na tarakimu zilizotangulia, kwa hiyo ukikosea moja hesabu kwa kawaida haikubali na mfumo unakukatalia. Mwandishi amewahi kukaa na karani kijana usiku, wakisahihisha orodha ya namna hiyo mstari kwa mstari, huku faili asilia likiwa limekaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine hatua chache kutoka hapo. Namba, tarehe, anwani, jina la mtu: chochote ambacho msomaji atataka kukinakili au kukitafuta tena mwakani kiandikwe. Picha ya maandishi ina kazi yake pale tu mwonekano wenyewe unapobishaniwa, kama muhuri uliogongwa upande, au ujumbe wa kosa ambao mfumo wa forodha umeutoa na fundi anataka kuuona ulivyo. Hata hapo, ikate. Skrini nzima, yenye barua zako nyingine na jina la mkeo kwenye kona, haimhusu fundi.

Picha za namna hiyo za skrini zihifadhiwe kama PNG, ambayo haiharibu kingo za herufi. Picha za kamera zibaki JPEG, ambayo hupunguza uzito kwa kutupa vitu ambavyo jicho halivikosi, na ambayo huchakaa kila inapohaririwa na kuhifadhiwa upya. Makosa mengi ya picha zenye ukungu kwenye barua za ofisi yanaanzia hapo.

Suala la faragha lilimfikia mwandishi kwa kuchelewa, kama lilivyowafikia wengi. Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, tajiri wa programu za kuzuia virusi aliyekuwa akitafutwa na polisi wa Belize. Ndani ya faili la picha mlibaki taarifa za mahali ilipopigwa, na dunia ikajua yuko Guatemala. Picha ya simu inaweza kubeba taarifa hizo hizo. Kwa mkaguzi wa bima ni faida: saa na mahali ni sehemu ya ushahidi, asizifute. Kwa mfanyakazi anayepiga picha risiti akiwa nyumbani, ni anwani ya nyumba yake inayosafiri bila yeye kujua. Halafu kuna watu. Kenya ilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019, Tanzania ikapitisha ya kwake mwaka 2022, na sura ya mpakuzi aliyesimama pembeni ya kontena ni taarifa yake binafsi. Pasipoti ya dereva iliyosahauliwa kwenye dashibodi, na namba zake zote zikasomeka kwenye picha ya lori, ni taarifa yake zaidi. Siku hizi, kabla picha haijatoka, mwandishi huwataka makarani waangalie pembe nne kabla ya kuangalia katikati.

Basi, marufuku ile. Mwandishi aliona kampuni imekamata mtu asiyehusika. Nembo haikumdanganya mhasibu. Kilichomponza ni mazoea ya miaka kumi na mitano ya kuichukulia nembo kama kitambulisho, wakati mtoto wa shule anaweza kuinakili. Barua ya kweli hutambulika kwa anwani iliyoko baada ya alama ya @, ikisomwa herufi kwa herufi, na kwa simu iliyopigwa kwenye namba ambayo ofisi ilikuwa nayo tangu awali, si ile iliyoandikwa chini ya barua yenyewe. Kuwazuia wakaguzi wa mizigo wasitume picha ya sili hakumfanyi mhasibu kuwa salama. Kunamwacha mteja wa Lubumbashi akisema tena: nionyesheni.

Lakini kuna hofu nyingine katika tangazo lile la marufuku ambayo mwandishi hakuweza kuipuuza. Sasa mtu akikaa na simu yake anaweza kuiagiza programu ya akili bandia imtengenezee picha ya maboksi yaliyolowa, na ikatoka nzuri kuliko zile za mzee wa bima. Ofisi moja ya bima ambayo mwandishi anashughulika nayo imeanza kudai faili asilia lililotoka kwenye kamera, pamoja na video fupi isiyokatwa: kutoka namba ya kontena, kwenda kwenye sili, sili inakatwa, mlango unafunguka. Ukiitazama, ni mpangilio uleule wa mzee, umeunganishwa tu. Nguvu yake iko kwenye vitu vinavyoweza kulinganishwa na kumbukumbu za watu wengine, yaani namba ya sili iliyoandikwa bandari ya kupakilia, uzito uliochorwa mlangoni, saa ya lango iliyorekodiwa na mwenye uwanja. Anayetaka kughushi picha moja sasa inabidi aghushi na makaratasi ya watu wasiofahamiana. Inawezekana, ila ni kazi kubwa.

Ukurasa alioombwa ulitoka kurasa tatu. Kampuni imerudisha picha kwa idara ya mizigo, kwa masharti: zisizidi sita ndani ya barua, kila moja iwe na sentensi yake, na faili asilia zitunzwe mpaka dai liishe, maana Kanuni za Hague zinampa mwenye mzigo mwaka mmoja wa kufungua shauri. Idara ya fedha bado haina ruhusa, na mwandishi hakuwatetea. Mkuu wa masoko naye anataka nembo yake irudi kwenye saini. Ameahidi kwamba safari hii itakuwa ndogo, na ameomba nafasi ya kuionyesha kwenye kikao cha mwezi ujao.